Chombo Kinachogusa Maji kwa Nukta Tatu

Mtu wa mwambao akifikiria mwendo wa chombo, hufikiria kupasua maji. Mtepe, jahazi na mashua vyote huzama kwa kadiri ya uzito wao. Omo hutangulia, mkuku hufuata, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo maji nayo yanavyozidi kukaidi. Haidropleni ni chombo cha kanuni nyingine. Kikishika kasi huinuka, kikabaki kinagusa maji mahali patatu tu: chini ya maboya mawili ya ubavuni, na kwenye rafadha iliyoko tezi. Kwengineko ni upepo mtupu. Historia yake, tangu michoro ya karne ya 19 hadi mifano midogo ya mashindano inayoendeshwa kwa redio, ni historia ya swali moja: chombo kinachobebwa na maji na upepo kwa pamoja kinamtii nani kati ya wawili hao?

Swali hilo lilianzia kwenye mfano, si kwenye meli. Mwaka 1872, Charles Meade Ramus, kasisi wa kijiji cha Playden, kusini mwa Uingereza, aliwapelekea wakuu wa jeshi la maji pendekezo la meli yenye tumbo la ngazi, ambayo badala ya kuyapasua maji ingeteleza juu yake. Kazi ya kulipima wazo hilo ikamfikia mhandisi William Froude, ambaye mwaka huohuo alikuwa amekamilisha birika refu huko Torquay kwa ajili ya kuvutia mifano ya meli na kupima ukinzani wa maji. Jawabu lilikuwa kwamba injini za mvuke za zama zile zilikuwa nzito mno kuipa meli kasi ya kuinuka. Wazo halikuwa baya. Liliitangulia tu injini yake.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kanuni inayobeba jina la Froude inakaribia kusema hivyohivyo kwa tarakimu. Urefu wa chombo ukigawanywa kwa 8, kasi inayozaa mawimbi ya umbo lilelile haigawanywi kwa 8, bali kwa kipeuo cha pili cha 8, yaani takriban 2.8. Kwa hiyo haidropleni inayokwenda kilomita 300 kwa saa hulingana, kwa upande wa mawimbi, na mfano wa moja kwa nane unaokwenda kilomita 106 hivi. Mwendo huo si wa mchezo wa kitoto, na ndiyo maana mfano una mengi ya kufundisha.

Kuhusu kukiongoza chombo bila ya nahodha ndani yake, hilo nalo ni jambo kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, Nikola Tesla alionyesha chombo kidogo cha chuma kikienda na kugeuka majini kwa amri za mawimbi ya redio, bila ya waya. Hataza yake ilitolewa mwezi Novemba mwaka huohuo, miaka 5 kabla ya ndugu Wright kurusha ndege yao ya injini.

Umbo la nukta tatu lilikuja katika miaka ya 1930, pale Adolph Apel na mwanawe Arno, waundaji wa vyombo wa Ventnor katika jimbo la New Jersey, walipoweka boya moja kila upande wa mbele wa chombo. Msomaji wa visiwani ataikumbuka ngalawa na mirengu yake, lakini kazi zake ni mbali. Mrengu huizuia ngalawa isilale tanga linapozidiwa. Boya la haidropleni hukibeba chombo chenyewe.

Tarehe 26 Juni 1950, kwenye ziwa Washington mjini Seattle, Slo-mo-shun IV ya Stanley Sayres, iliyobuniwa na Ted Jones na kuundwa na Anchor Jensen, ilifika kilomita 258 kwa saa. Iliivunja rekodi ya kilomita 228 ya Sir Malcolm Campbell, iliyokuwa imesimama tangu 1939. Siri yake ilikuwa tezi: kasi ilipozidi, nusu ya rafadha ilitoka nje ya maji, na chombo kikapanda juu ya makasia yake yenyewe yanayozunguka. Tangu hapo watoto wa Seattle wakawa wanachonga haidropleni za mbao na kuzikokota barabarani nyuma ya baiskeli zao. Mji huo baadaye ukawa miongoni mwa ngome za mashindano ya mifano ya moja kwa nane.

Fundi wa mfano wa namna hiyo huanza na plaiwudi nyembamba na gundi ya epoksi, lakini kazi ngumu huja baada ya rangi kukauka. Kwanza hutafuta kitovu cha uzito, ambacho hutakiwa kukaa nyuma kidogo ya ncha za maboya. Kikiwa mbele mno, omo huyang'ang'ania maji na kasi hufa; kikiwa nyuma mno, omo huinuka na upepo ukaingia chini. Betri husogezwa na risasi hupachikwa, kama mabaharia wanavyopanga farumi. Kisha huja mhimili wa rafadha. Ukishushwa kwa milimita moja, tezi huinuka na omo hulala. Ukipandishwa, tezi hukaa chini na omo hukabili upepo. Fundi mwenye subira hubadili kitu kimoja tu kwa safari moja, na hukiandika.

Mfano, hata hivyo, si nakala kipofu. Haidropleni kubwa za Marekani hupinda kushoto, na pezi lao la kukatia kona limefungwa kwenye boya la kushoto. Mifano katika vilabu vya huko hupinda kulia, na pezi huhamia kulia. Na kabla ya mitambo ya gigahezi 2.4 kuenea kuanzia miaka ya 2000, kila mwendeshaji alikuwa na chaneli yake. Wawili wakiwasha chaneli moja kwa pamoja, chombo kilichokuwa majini hakikuwa tena na bwana mmoja.

Uzito wa milimita zile unafahamika mtu anapoyatazama maziwa makubwa. Tarehe 4 Januari 1967, Donald Campbell, mwana wa Sir Malcolm, aliyekuwa ameshaweka rekodi 7 kwa Bluebird K7, alipita kwenye ziwa Coniston kwa kilomita 479 kwa saa. Katika safari ya kurudi, K7 iliinua omo, ikaacha maji, ikapinduka hewani na kumuua. Mabaki ya chombo yaliopolewa mwaka 2001, na Campbell akazikwa Coniston mwaka huohuo. Bill Muncey alikufa kwa kupinduliwa hivyohivyo huko Acapulco mwaka 1981, na Dean Chenoweth katika jimbo la Washington mwaka 1982. Ndipo, katikati ya miaka ya 1980, haidropleni za Marekani zilipoanza kufungwa kuba la rubani lililotokana na ndege ya kivita ya F-16.

Vifo hivyo havikutokana na uzembe. Kila chombo cha namna hii huishi kwenye ukingo uleule: upepo unaokiinua ili kiende ndio unaokipindua kikizidi. Fundi aliyesimama ufukoni, kisanduku cha redio mkononi, hukutana na ukingo huo mara nyingi kwa siku moja. Omo huinuka, mfano hubiruka, na kimya hutanda juu ya maji. Kisha mashua hutumwa kuuokota, maji humwagwa, na mhimili hushushwa milimita moja.