Sufuria Iliyozaa na Somo la Ufahamu

Kabla shule hazijaenea vijijini, hadithi ilikuwa na mtihani wake. Bibi alipotoa hadithi jioni, wajukuu hawakukaa kimya kama magogo. Waliitikia, waliuliza, walibisha. Siku ya pili mkubwa wao aliisimulia upya kwa wadogo, na hapo ilijulikana kama aliishika au ilimpita. Hakufundishwa neno "mhusika" wala "mandhari", lakini alijua kwamba fisi asipokuwa na tamaa hadithi haina pa kwenda.

Shule ilileta kitabu, na kitabu ni neema. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilisimamia Kiswahili sanifu chenye msingi wa Kiunguja, ili mtoto wa Tabora na wa Mombasa waweze kusoma maandishi ya namna moja. Tahajia yake ni nyepesi: irabu tano, na silabi hutamkwa kama zilivyoandikwa. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu, haupiti muda mrefu anasoma ukurasa mzima. Hapo ndipo penye mtego. Mdomo hutangulia, akili ikabaki nyuma, hasa kwa mtoto ambaye nyumbani kwao husemwa Kisukuma au Kihehe.

Nilipokuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, niliwaandikia wanachuo ubaoni sentensi isiyo na maana: "Mgwaso alimpuruta kizindu chini ya lubwende." Kisha niliuliza: Nani alimpuruta kizindu? Wote wakajibu: Mgwaso. Alimpurutia wapi? Chini ya lubwende. Walipata alama zote, na hakuna aliyejua Mgwaso ni mtu au mdudu! Ndugu msomaji, maswali mengi ya ufahamu katika vitabu vyetu yalikuwa ya aina hiyo. Mtoto aliwinda neno la swali ndani ya habari, akanakili sentensi iliyolibeba, akapewa tiki.

Desturi hiyo ilikuwa na sababu zake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na mwaka 1977 milango ikafunguliwa. Madarasa yalifurika. Walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakijifunza kazi huku wakiifanya. Lilikuwa jambo la kishujaa, na mimi niliyefundisha miaka hiyo sitalibeza. Walakini mwalimu mwenye watoto themanini na vitabu vichache aghalabu hutafuta swali linalosahihishika upesi. Swali la "kwa nini" halisahihishiki upesi.

Chukua hadithi ya Abunuwasi na sufuria. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kijisufuria, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Alipoiazima tena, Abunuwasi akasema imekufa. Jirani akamshitaki, akaambiwa: uliyeamini imezaa, amini kwamba imekufa. Ukiwauliza watoto wahusika ni nani, watakutajia mara moja. Waulize sasa: jirani alikosea wapi? Wengi watasema alikosea kwenda kushitaki. Usiwasahihishe. Waambie warudi kwenye hadithi watafute mahali fundo lilipofungwa. Atatokea mmoja atakayesema: "Alikosea pale alipokipokea kile kidogo." Mtoto huyo ameliona tatizo, ameona tukio moja linavyozaa jingine, na funzo amelipata mwenyewe bila kuandikiwa ubaoni. Kazi ya kupitia vipengele vya hadithi ndiyo hiyo. Kuvikariri majina yake ni jambo dogo.

Mwaka 2010 tathmini ya Uwezo, iliyowafuata watoto majumbani, ilionyesha kwamba hapa Tanzania takriban mmoja kati ya watano wa darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Taifa lilishtuka, na mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo ukaelekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Ni hatua njema. Lakini hapana budi tukumbuke kwamba anayekwama kwenye silabi huonekana na kila mtu, ilhali anayesoma kwa sauti nzuri bila kuelewa hupita darasa hadi darasa akisifiwa.

Huyo akikua ataletewa karatasi ya mkopo au ya kuuza shamba. Ataisoma yote vizuri, ataona kijisufuria, atatia sahihi. Kwa hiyo mtoto wako akimaliza kusoma hadithi, kifunge kitabu, umwambie akusimulie. Akisita, usimkaripie. Kifungueni tena, mwanzie pale alipopotea.