Miaka Saba: Namba Tuliyoisoma Vibaya

Mwaka niliotimiza miaka saba, baba yangu mkubwa alikuja kunichukua kwa mama. Wazazi wangu walikuwa wameachana miaka mitatu kabla. Alikaa uani, akanywa maji aliyokaribishwa, kisha akasema: "Shemeji, sheria inasema miaka saba. Mtoto ametimiza." Mama hakubisha. Alinifungia nguo zangu kwenye kanga, nikaondoka. Zaidi ya miaka ishirini ilipita kabla sijaisoma sheria hiyo mwenyewe na kubaini kuwa haisemi hivyo.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara. Ilitanguliwa na mapendekezo ya Serikali ya mwaka 1969, nayo ikaziweka ndoa za kidini, za kiserikali na za kimila chini ya utaratibu mmoja. Kabla yake, hatima ya mtoto ilitegemea wazazi walioana vipi na wanatoka ukoo gani. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba zilimhesabu mtoto wa ndoa kuwa wa baba. Kwa Waluguru na Wamakonde, mtoto alihesabiwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa. Pande zote mbili ziliuliza swali moja: mtoto ni wa nani?

Kifungu cha 125 kiliuliza jingine: mtoto atastawi wapi? Kinaiagiza mahakama izingatie kwanza ustawi wa mtoto, halafu matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza, na mila za jamii husika. Ndipo inapokuja miaka saba: inachukuliwa kuwa ni heri kwa mtoto aliye chini ya umri huo kukaa na mama yake, ingawa dhana hiyo yaweza kukanushwa kwa ushahidi. Hakuna mahali paliposemwa kwamba akitimiza saba huhamia kwa baba. Tena kifungu hichohicho kinatahadharisha dhidi ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha.

Namba hiyo ina historia ndefu. Uingereza, ambako baba alikuwa na mamlaka karibu yote juu ya watoto, Caroline Norton alinyang'anywa wanawe watatu na mumewe mwaka 1836. Kampeni yake ilichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1839, iliyomruhusu mama kuomba mahakamani alee watoto walio chini ya miaka saba. Katika fikihi ya Kiislamu pia, umri wa takriban miaka saba hutajwa kuwa mwanzo wa mtoto kupambanua mambo. Namba iliyokusudiwa kumlinda mtoto mdogo, kwetu imegeuzwa kuwa tarehe ya kumkabidhi, kwa sababu tumeisoma kwa macho ya swali la zamani.

Ndugu msomaji unayepita katika talaka, usikubali sheria ya kusimuliwa uani. Kwa kawaida shauri la talaka huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Likishindwa kusuluhisha, hutoa hati ya kwenda mahakamani. Mahakama ndiyo huamua nani atakaa na mtoto, na mzazi asiyekaa naye hapotezi uzazi wake wala wajibu wa matunzo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imetilia mkazo maslahi ya mtoto.

Simlaumu baba mkubwa. Naamini alidhani anatimiza sheria. Mama angali hai. Siku moja nilimsomea kifungu hicho. Aliniomba nirudie, kisha akauliza kama kilikuwa kimeandikwa hivyo tangu wakati ule. Nilimjibu kwamba ndiyo, tangu kabla sijazaliwa. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.