KUKONDA KWA DAWA MBILI: STORI YA MAREKANI AMBAYO MASTAA HAWAKUPI

Staa akipotea miezi mitatu kisha akarudi na kiuno cha nyigu, chini ya picha swali ni lile lile: "Dada, umetumia dawa gani?" Swali la pili huwa halipo: hiyo dawa inakutana na zipi nyingine mwilini mwako? Wamarekani walichelewa kuuliza hilo mara mbili, na mara zote mbili waliumia.

Mara ya kwanza ni miaka ya 1940 mpaka 1960. Kulikuwa na kliniki za kupunguza uzito zinazogawa vidonge vya rangi rangi, ndiyo maana vikaitwa vidonge vya upinde wa mvua. Mteja anapewa amfetamini ya kukata njaa. Amfetamini inamnyima usingizi, basi anaongezewa dawa ya kumtuliza. Juu yake homoni ya tezi ya shingo, dawa ya kukojoza maji, na dawa ya moyo. Sasa angalia hatari: dawa ya kukojoza inatoa potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka, ile dawa ya moyo inageuka sumu. Wapo wanawake waliokufa. Mwaka 1968 mwandishi mmoja wa kike wa jarida la Life, ambaye hata mnene hakuwa, alizungukia madaktari 10 akarudi na vidonge zaidi ya 1,000! Mwaka huo huo Seneti ikafungua kesi hiyo hadharani na serikali ikaanza kuvibana.

Ungedhani wamejifunza. Wapi!

Kulikuwa na dawa mbili za uzito. Fentermini iliruhusiwa mwaka 1959, inachangamsha mtu. Fenfluramini iliruhusiwa mwaka 1973, lakini haikupendwa sana maana inaleta usingizi. Mwaka 1992 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Rochester akatoa majibu ya watu 121: ukizichanganya kwa dozi ndogo, uzito unashuka na kero zinapungua, maana moja inalaza na nyingine inaamsha. Mji ukalipuka. Mchanganyiko ukapewa jina, Fen-phen, na mwaka 1996 pekee dawa hizo ziliandikwa na madaktari zaidi ya mara milioni 18. Kumbuka, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kila moja peke yake, tena kwa muda mfupi. Kuzichanganya haikuruhusu kamwe.

Julai 1997 madaktari wa Mayo Clinic na wenzao wa Fargo wakatangaza wanawake 24 waliotumia Fen-phen na vali za moyo zimeharibika. Watano walikuwa wameshapasuliwa. Vali zilikuwa zimenenepa, hazifungi vizuri, damu inavuja kurudi nyuma. Tarehe 15 Septemba 1997 fenfluramini na ndugu yake Redux zikaondolewa sokoni.

Sasa hapa ndipo penye utamu wa stori. Mkosaji alikuwa fenfluramini. Fentermini ipo sokoni mpaka leo. Lakini fenfluramini ikiwa peke yake watu walikuwa wanaichoka kwa usingizi, wanaacha. Kidonge cha pili kilifunika ile kero, watu wakameza miezi na miezi huku moyo unaumia kimya kimya. Sawa na amfetamini na dawa ya kutuliza: cha pili kinanyamazisha kengele ya cha kwanza.

Leo tuko kwenye zama za sindano. Semaglutidi ukiichanganya na insulini au glibenklamidi, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka, kwa hiyo daktari huenda akapunguza dozi ya hizo nyingine. Zile chai za kukondesha zenye sena zinaharisha na kutoa potasiamu; ukiwa unameza dawa za presha za kukojoza, unarudia yale ya upinde wa mvua jikoni kwako.

Kwa hiyo kabla ya kuanza chochote, weka dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, chai na za uzazi wa mpango zikiwemo, umpelekee daktari au mfamasia. Na usiache ya presha au sukari kwa kujiamulia.

Haya wadau, wewe ulishawahi kuulizwa "unatumia dawa gani nyingine?" kabla ya kuuziwa ya kukonda? Funguka hapo chini.