Gari Kuukuu, Njia Ngumu: Historia ya Ufundi wa Kuimarisha Magari Nyanza Kusini

Katika nchi za Ulaya na Marekani upo utamaduni ambao mwenye gari la mbio la zamani, asiye na fedha za kushindana na matajiri, huliandaa gari lake kwa gharama ndogo, kisha hulipa ada ya siku moja ili aliendeshe kwa kasi katika kiwanja kilichofungwa, pasipo mshindani wala kombe. Kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo kabla ya kugawanywa zilikuwa ndani ya wilaya moja ya Nyanza Kusini, hazina kiwanja cha namna hiyo. Hata hivyo elimu ambayo kazi hiyo inaidai, yaani kujua ni kiungo gani cha gari kuukuu kitakachoshindwa kwanza na ni shilingi ipi itangulie kutumika, imekuwa mikononi mwa mafundi wa huko kwa zaidi ya nusu karne, na mwalimu wao amekuwa barabara. Ni elimu iliyopokezanwa kwa kutazama na kushika, na ndiyo maana vitabu vya historia ya Kenya vimeipita bila kuitazama, jambo linalosikitisha, kwa kuwa uchumi mzima wa samaki, miwa na tumbaku katika ukanda huo ulibebwa juu ya magari ambayo bila elimu hiyo yasingedumu miaka miwili.

Ili kuelewa chanzo chake, ni lazima kukumbuka kwamba Afrika Mashariki iligeuka kutoka kiwanjani mapema. Mashindano ya kuzunguka uwanjani yalikuwapo katika Kenya ya kikoloni, yakiwa mchezo wa walowezi, lakini mpenzi mmoja wa mchezo huo, Eric Cecil, alipomwalika binamu yake Neil Vincent kushiriki, alijibiwa kwamba hakuna linalochosha kama kuzunguka pale kwa pale, na kwamba Vincent angekuwa tayari kujiunga iwapo yangeandaliwa mashindano ya kuvuka nusu ya Afrika na kurudi. Kutokana na majibu hayo yalizaliwa mashindano ya mwaka 1953, yaliyofanywa kuanzia Mei 27 hadi Juni 1 katika Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ambayo baadaye ulimwengu uliyajua kwa jina la Safari Rally.

Kanuni moja ya mashindano hayo ya kwanza inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyoupa ufundi wa Afrika Mashariki mwelekeo wake. Magari hayakugawanywa katika madaraja kwa ukubwa wa injini, kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya, bali kwa bei ya kuuziwa dukani, tena yalitakiwa yawe karibu sawa na yale ambayo mnunuzi wa kawaida angeyapata. Hivyo tangu mwanzo swali lililoulizwa lilikuwa ni gari gani, kwa fedha ambazo mtu anazo, litafika. Na gari la Volkswagen la bei nafuu ndilo lililofanya vizuri kuliko yote mwaka huo.

Jibu lenye mafunzo makubwa zaidi lilitolewa mwaka 1965 na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi aliyejifunza kazi katika gereji ya baba yake, ambaye pamoja na ndugu yake Jaswant alishinda kwa Volvo PV544 ya mkono wa pili. Gari hilo lilikuwa limeshindanishwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia bila mafanikio, likabaki Kenya, na lililoshindikana kwa wenye kiwanda likawezekana kwa fundi aliyelifungua, akakagua kila kiungo na kulifunga upya kwa kufuata njia atakayoipita. Ushindi huo unafaa kuhesabiwa miongoni mwa matukio muhimu ya historia ya ufundi nchini, wala si ya michezo peke yake.

Miaka hiyohiyo Peugeot 404 ilishinda mara nne, mwaka 1963 na 1968 chini ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mwaka 1966 na 1967 chini ya Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1963 na tena 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza, mengine yote yakiishia matopeni, mitoni au kando ya njia yakiwa na springi zilizokatika. Datsun 240Z, gari la mbio la milango miwili lenye injini ya silinda sita na ujazo wa lita 2.4, lilishinda mwaka 1971 na 1973, na linabaki kuwa mfano bora wa gari la mbio lililokubali kufundishwa njia ya Afrika: liliinuliwa, likawekewa bamba la chuma chini ya injini ili jiwe lisipasue sampu, yaani bakuli linalohifadhi oili, na likaongezewa taa za mbele kwa ajili ya usiku. Mwaka 1975 ikafuata Peugeot 504.

Wakazi wa Nyanza Kusini hawakuhitaji kusubiri mashindano ili kukutana na njia hizo. Barabara kuu inayotoka mpakani Isebania kupitia Migori na Rongo hadi Kisii na Kisumu ilikuwa na matawi mengi yasiyo na lami: kuelekea Muhuru na Karungu ufuoni mwa ziwa, kuelekea Macalder kwenye machimbo, na kutoka Homa Bay hadi Mbita. Sehemu kubwa ya nyanda za Homa Bay, hasa kandokando ya bonde la Lambwe, ina udongo mweusi wa mbuga, ule ambao wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama tofali, na mvua inaponyesha hugeuka gundi inayojaza matao ya magurudumu mpaka tairi likashindwa kuzunguka.

Ndani ya mazingira hayo ndimo Peugeot ilimoshika usukani wa usafiri wa umma, hata jina lake, likitamkwa Pijo, likawa jina la teksi ya masafa marefu kwa jumla. Amri ya Rais Jomo Kenyatta ya mwaka 1973, iliyoruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, iliwapa wenye magari makuukuu soko la wazi. Stesheni wagoni ya 504, yenye safu tatu za viti, ilikuwa na ekseli nzima ya nyuma iliyokalia springi nne za mviringo, mbili kila upande, na pikapu yake ilikuwa na springi za mabamba, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mipango yote miwili ilivumilia mzigo, na la muhimu zaidi, iliweza kutengenezwa kwa nyundo na moto.

Kazi ya kukunja upya springi ya mabamba inaonyesha kiwango cha maarifa yaliyohusika. Bamba lililolala kwa uzito hupashwa moto wa makaa hadi liwe jekundu, kisha hugongwa juu ya fuawe taratibu kutoka katikati kuelekea ncha, huku likilinganishwa na bamba jipya au na mchoro wa chaki sakafuni, mpaka upinde wake urudi. Baada ya hapo hutumbukizwa katika oili chakavu ya injini ili lipate ugumu, na hapa ndipo fundi stadi anapojitenga na mwanagenzi, kwa kuwa chuma kilichopita kiasi cha moto hukatika kama biskuti siku ya kwanza ya mzigo, na kilichopungukiwa hulala tena kabla ya mwezi kwisha. Kipimo cha yote hayo ni rangi ya chuma machoni. Springi za mviringo ziliinuliwa kwa njia nyingine, kwa kuwekewa duara la mpira lililokatwa kutoka tairi la lori, na bushi, yaani mipira inayozuia chuma kusaga chuma kwenye maungio, zilichongwa kutoka tairi hilohilo.

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mji wa Migori uliokuwa ukiitegemea barabara ya mpakani ukajikuta mwisho wa barabara hadi ulipofunguliwa mwaka 1983, na spea zilizotoka Nairobi ziligharimu fedha na siku. Kuchonga badala ya kununua kukawa jambo la lazima. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limekwisha kuitaja sekta hii isiyo rasmi katika ripoti yake ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya, na jina la jua kali, lililotokana na mafundi kufanya kazi bila paa, likaenea hadi kwenye sera za serikali katika miaka ya 1980.

Mpangilio wa matumizi ya fedha katika gereji hizo ulikuwa na mantiki isiyobadilika: breki kwanza, ambapo laini za msuguano zilizokwisha zilibanduliwa na nyingine kupigiliwa kwa ribiti, kisha springi na usukani, kisha rejeta, iliyozibwa kwa risasi ya kuyeyusha, na injini mwisho. Mwenye gari la mbio la zamani huko Uingereza hushauriwa vivyo hivyo, asinunue nguvu kabla ya kununua uwezo wa kusimama. Lakini si kila desturi ilikuwa ya busara. Mafundi wengi walizoea kuitoa themostati, valvu ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, wakiamini kwamba injini baridi ni injini salama, ilhali injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na kusaga silinda zake mapema. Kosa hilo limefupisha maisha ya injini nyingi nzuri.

Mwaka 2003, Safari ilipotimiza miaka 50, yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani yanayojulikana kama East African Safari Classic, na Porsche 911, ambayo katika Safari yenyewe haikuwahi kupata zaidi ya nafasi ya pili, ilishinda humo mwaka 2011 ikiendeshwa na Björn Waldegård. Magari yaliyokuwa ya fundi wa kawaida yamekuwa hazina za wakusanyaji, na kulijenga upya gari moja la aina hiyo leo ni kazi ya fedha ambazo gereji nzima ya Rongo haizioni kwa miaka.

Barabarani, nafasi ya Pijo imechukuliwa na Toyota Probox, gari la mizigo lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 na kuingia Kenya likiwa limetumika, nalo limepitishwa katika mafunzo yaleyale: limeinuliwa, springi za nyuma zimeongezewa nguvu, na bamba limefungwa chini ya injini kabla halijabeba gunia la kwanza la omena kutoka Mbita. Pijo zenyewe hazikutoweka zote. Bodi ziliuzwa kwa kilo na injini zikaenda kuendesha mashine za kusaga, lakini ekseli, ile sehemu iliyotunzwa kuliko zote, bado huonekana chini ya mikokoteni ya punda inayopandisha maji kutoka ziwani, ikizunguka kwa mwendo wa mnyama, na bearingi zake zingali zikipakwa grisi.