Mbwa akibadilika tabia: mashauri ya munganga wa wanyama kwa familia za Butembo na Beni

Butembo na Beni, mbwa ni mulinzi. Usiku, mtu akikaribia mlango wa parsele, yeye ndiye wa kwanza kusikia. Paka naye yuko na kazi yake: panya asiingie kwenye gunia la maharagi wala la mchele. Lakini siku wanapougua, mara nyingi tunasema tu: «Ni mbwa», «Ni paka», na mambo yanaishia hapo.

Ndugu msomaji, tumekusanya hapa mashauri ambayo waganga wa wanyama hutoa juu ya magonjwa na tabia zinazosumbua zaidi nyumbani. Jambo moja linarudi kila mara: mnyama hawezi kusema anaumwa wapi, basi anasema kwa tabia. Mbwa mpole ambaye ghafla amekuwa mkali, paka ambaye ghafla anakojoa kitandani, usianze na fimbo. Anza kwa kujiuliza kama ni mgonjwa. Wakati mwingine jibu la swali hilo linaokoa maisha ya mtoto wako.

«Mbwa alimuluma mutoto. Tumuue?»

Hapana, usimuue haraka. Anza na mtoto, halafu mbwa.

Hatari kubwa ni kichaa cha mbwa, ule ugonjwa ambao wengi tunauita raje. Unaletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vinaingia kwa meno, kwa kucha zenye mate, au mbwa akiramba kidonda, jicho ao mdomo. Duniani, karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliupata kwa mbwa, na watoto ni wengi kati yao, kwa sababu wao ndio wanaocheza na mbwa na wanaogopa kusema nyumbani kwamba wamelumwa.

Dalili zikishaonekana kwa mtu, yaani kuogopa maji, kushindwa kumeza, kuchanganyikiwa, hakuna tena dawa ya kumponya. Lakini kabla ya hapo njia iko wazi, maana virusi hutembea polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa ao miezi miwili, mitatu. Kidonda kikiwa kichwani, usoni ao shingoni, muda unakuwa mfupi zaidi. Fanya hivi:

1. Osha kidonda palepale, kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Sabuni ya kufulia inatosha. Sabuni inaharibu virusi. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, tulizoea ndoo ya maji na sabuni kila mlango. Mazoea yale yale yanafaa hapa.

2. Kisha paka dawa ya kuua vijidudu kama unayo. Usiweke chumvi, pilipili, majivu wala mafuta ya gari. Jiwe nyeusi nalo haliwezi kutoa virusi vya raje, hata likishika sana kwenye kidonda.

3. Siku ileile, nenda kituo cha afya ao hopitali. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Mueleze muuguzi mbwa ni wa nani, amechanjwa ao hapana, alichokozwa ao aliluma bila sababu. Kituo kikikosa chanjo, omba wakuandikie karatasi ya kukupeleka penye chanjo, na usirudi nyumbani kukaa.

4. Maliza sindano zote, kwa tarehe ulizoandikiwa. Wazee wanakumbuka sindano nyingi za tumboni. Hizo zilikwisha zamani. Siku hizi zinapigwa mkononi, karibu na bega, na kwa mtoto mdogo kwenye paja. Kidonda kikiwa kirefu ao kiko usoni, munganga anaweza kuongeza dawa nyingine ya kinga ndani ya kidonda chenyewe.

Sasa mbwa. Kama anaweza kushikwa bila hatari, afungiwe mahali pamoja, apewe chakula na maji, na aangaliwe siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku aliyoluma ataonyesha ugonjwa ao atakufa ndani ya muda huo. Akiwa mzima siku ya 10, munganga anaweza kusimamisha sindano za mtu. Ndiyo maana kumuua mbwa saa ileile kunaharibu ushahidi. Na akitoroka ao akiuawa, mtu aliyelumwa anaendelea na sindano zote mpaka mwisho.

Mbwa aliyekufa ao kuuawa kwa sababu hiyo asichunwe wala kuliwa. Anayemchuna anashika mate na ubongo kwa mikono ambayo pengine iko na vidonda. Muite munganga wa wanyama kwanza, anaweza kutaka kupeleka kichwa kupimwa. Kama hapatikani, azikwe chini sana, bila kumshika kwa mikono mitupu.

Nitajuaje kama ana raje?

Watu wengi wanangojea kuona povu mdomoni. Povu linaweza kuja, lakini mara nyingi linakuja mwishoni. Mwanzo ni kubadilika tu: mbwa mkali anakuwa mpole kupita kiasi, mpole anakuwa mkali. Anajificha gizani, anakula vijiti, mawe ao udongo, sauti yake inakwaruza, anatembea mbali bila kujua anaenda wapi. Kuna raje nyingine ya kimya: taya linaanguka, mate yanamwagika, miguu inalegea. Hapo ndipo mtu mwenye huruma anatia mkono mdomoni akifikiri mbwa amekwamwa na mfupa. Usifanye hivyo. Paka, mbuzi na ng'ombe pia wanaweza kuupata.

Kinga ni chanjo ya mbwa: ya kwanza kwa miezi 3, halafu kila mwaka. Palipochanjwa mbwa 70 kwa kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wako inamlinda pia mtoto wa jirani. Lakini angalia: chanjo inataka baridi, kati ya digrii 2 na 8. Kwetu ambako umeme ni shida, muulize anayekuchanjia mbwa aliihifadhi wapi. Chupa iliyoshinda kwenye mfuko ao juani ni maji tu, hata ukiilipa dola. Na kila mara dai kitabu cha chanjo chenye tarehe.

«Kambwa kadogo kanatapika na kuhara damu»

Kwa mbwa wa wiki 6 mpaka miezi 6, hiyo mara nyingi ni parvo. Inaua ndani ya siku chache kwa sababu mwili unaishiwa maji. Hakuna kidonge cha kuua virusi vyake. Kazi ni kurudisha maji mwilini na kuzuia vijidudu vingine, na hiyo inahitaji munganga siku ileile. Njiani, mpe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo kwa kijiko kama hatapiki.

Wengine wanapoteza watoto wa mbwa watatu, wanne, mmoja baada ya mwingine, na wanasema parsele imerogwa. Virusi vya parvo vinaweza kukaa kwenye udongo mwaka mzima ao zaidi. Osha sakafu na vyombo kwa javeli, kipimo kimoja ndani ya maji vipimo 30, na usilete mbwa mwingine mdogo kabla hajachanjwa.

Minyoo, upele na kupe

Watoto wa mbwa wanazaliwa tayari na minyoo kutoka kwa mama. Tumbo linavimba kama ngoma, mbavu zinaonekana. Dawa inaanza wakiwa na wiki 2, inarudiwa kila wiki mbili hadi miezi 3, halafu kila miezi mitatu kwa mbwa mkubwa. Mayai ya minyoo hiyo yanabaki udongoni, na watoto wetu wanaochezea udongo wanayameza. Okota kinyesi cha mbwa, zika, nawa mikono.

Upele unaokula nywele kwenye masikio, viwiko na tumbo unaletwa na kadudu kadogo ndani ya ngozi, na unaweza kuwasha hata watu wa nyumba. Wengi wanampaka mbwa mafuta machafu ya gari. Mbwa anajiramba, anameza sumu ile, na maini yake yanaharibika. Dawa iko: ivermektini. Lakini ile ya chupa ya ng'ombe ni kali, na tone la kuzidi linaweza kumlaza mbwa mdogo bila kuamka. Ipimwe kwa kilo na munganga.

Kupe, watafute ndani ya masikio na katikati ya vidole. Ufizi ukiwa mweupe, mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, homa imepanda: kupe wameleta ugonjwa wa damu. Usingoje.

Dawa za watu si dawa za paka

Kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kuua paka, maana mwili wake hauwezi kuivunja. Vilevile dawa za kunguni na za viroboto zilizotengenezwa kwa mbwa: soma chupa, nyingine zinaleta degedege kwa paka. Ukitega sumu ya panya, kumbuka paka anaweza kumla panya aliyeila. Sumu nyingi za aina hiyo zinafanya damu isigande, na dalili zinaonekana baada ya siku kadhaa: ufizi kutoka damu, kuchoka, kupumua kwa shida. Maziwa hayaondoi sumu. Peleka mnyama pamoja na karatasi ya sumu yenyewe, kwa sababu kuna inayotibika ikijulikana mapema.

Tabia zinazochosha

*Paka dume anakojoa kila mahali.* Akirusha mkojo kidogo ukutani, anatia alama ya eneo lake. Kumhasi kunapunguza sana. Lakini akiinama mara nyingi, analia, na hakuna kinachotoka ao kinatoka kwa matone, njia ya mkojo imeziba. Huyo anaweza kufa kwa siku mbili, tatu. Wengi wamepigwa kwa «uchafu» huku wanakufa.

*Mbwa anabweka usiku kucha.* Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa, bila kutembea, anabweka kwa kila kitu, na mwishowe mwenye nyumba hamsikilizi tena hata mwizi akija. Mfungue ndani ya parsele iliyofungwa, tembea naye, mpe maji na kivuli. Mulinzi mzuri ni yule anayebweka penye sababu.

*Analuma watu wa nyumba.* Usimtoe mtoto wa mbwa kwa mama kabla ya wiki 8. Kwa mama na ndugu zake ndipo anajifunza kuluma bila kuumiza. Kumpiga, kumpa pilipili ili awe mkali, kunazaa mbwa muoga, na mbwa muoga ndiye analuma bila kuonya. Fundisha watoto: usimguse mbwa anayekula, anayelala, ao mwenye watoto. Mbwa usiyemjua akikukaribia, usikimbie. Simama kama mti, mikono chini, usimtazame machoni.

*Madume wanapigana mlangoni.* Jike amekuwa moto. Hali hiyo inakuja karibu mara mbili kwa mwaka, wiki tatu hivi. Mfungie. Mimba ni kama siku 63, na watoto wasiotakiwa ndio mbwa wa barabarani wa kesho.

Siku ya kukimbia

Hili linatuhusu sisi zaidi kuliko watu wa mahali pengine. Familia zinapokimbia vita, mbwa hubaki. Kama una dakika moja, fungua mnyororo. Mbwa aliyefunguliwa atatafuta maji. Aliyefungwa atakufa kwa kiu. Na mnaporudi, msikimbilie kumshika. Ameishi peke yake, pengine amepigana na mbwa wengine. Mwangalieni kwa mbali siku kadhaa, watoto wakae pembeni, kisha achanjwe upya. Mbwa wanaozunguka kwa makundi kwenye vijiji vilivyobaki vitupu wasichokozwe. Mjulisheni shefu wa kartie ao wa kijiji.

Mahali pa kuuliza

Butembo iko na kitivo cha utabibu wa wanyama kwenye Université Catholique du Graben, na waliosomea kazi hii wanafanya kazi mjini na mashambani. Ofisi za serikali za kilimo, uvuvi na ufugaji ziko na wahudumu wa wanyama. Mtu aliyelumwa, yeye, mahali pake ni kituo cha afya, hata kama mbwa ni wa nyumbani, hata kama kidonda ni kidogo.

Ukisahau mengine yote, shika haya manne: chanja mbwa kila mwaka, osha kidonda dakika 15 kwa sabuni, nenda kituo cha afya siku ileile, mfunge mbwa na umwangalie siku 10. Na leo jioni, kabla ya kulala, waambie watoto kwamba yule atakayesema «mbwa ameniluma» hatapigwa. Wengi walikufa kwa sababu waliogopa kusema neno hilo.