Gego la Mwisho na Kipimo cha Dawa

Maumivu ya gego la mwisho, lile Wafaransa wanaloliita jino la hekima, hatuna haja ya kuwaeleza. Aliyeyapata anayajua. Tunataka kuwasimulia jinsi watu walivyotafuta kipimo cha dawa yake, maana hapo ndipo penye shida.

Katika mji wa Hartford, huko Marekani, alikuwako mganga wa meno jina lake Horace Wells. Jioni ya tarehe 10 Desemba 1844 alikwenda kutazama maonyesho ya Bwana Colton, aliyewavutisha watu hewa ya kuchekesha. Mtu mmoja akajigonga mguu hata ukatoka damu, wala hakusikia kitu. Wells akawaza sana. Kesho yake akamwomba Colton amvutishe hewa ile yeye mwenyewe, na mwenzake Riggs akamng'oa gego. Hakuumia! Mwezi wa Januari 1845 akaenda Boston kuwaonyesha wanafunzi wa uganga. Kumbe, mfuko wa hewa uliondolewa upesi mno. Mgonjwa akalia, na wanafunzi wakamzomea Wells kuwa ni mdanganyifu. Aibu ile ilimwandama hata alipokufa mwaka wa 1848, mwenye miaka 33 tu. Dawa yake ilikuwa ya kweli. Kilichopungua ni kipimo. Tangu mwaka wa 1863 Colton aliitumia tena, na watu maelfu waking'olewa meno pasipo kuumia.

Lakini ganzi huisha, na usiku shavu huvimba. Hapo ni vidonge. Vingapi, basi?

Mwaka wa 1976 Wamarekani wawili, Cooper na Beaver, walieleza njia ya kujua. Wang'olewao magego ya mwisho wengi ni vijana wazima, na uchungu wao huanza karibu saa ileile. Basi wengine walipewa dawa, wengine kidonge kisicho na dawa ndani yake, wala mpaji wala mpewa asijue kipi ni kipi. Kisha kila saa mgonjwa aliandika uchungu wake. Kwa njia hiyo vidonge vingi vimepimwa. Mwaka wa 2013 wataalamu walikusanya majaribio ya watu zaidi ya 2,000, wakaona kuwa ibuprofeni miligramu 400 hushinda parasetamoli miligramu 1000, na zote mbili pamoja hupita kila moja peke yake. Kuzidisha ibuprofeni juu ya 400 kwa mara moja huongeza nafuu kidogo tu, lakini tumbo na figo huhesabu kila kidonge. Mwenye vidonda vya tumbo asiiguse.

Sisi wenyewe tulipong'olewa gego, tulimeza parasetamoli kila tuliposikia uchungu, wala hatukutazama saa. Kulipokucha tulihesabu maganda: vidonge 10 vya miligramu 500! Mtu mzima asipite 8 kwa mchana na usiku, kwa kuwa ikizidi huharibu ini, tena polepole, mgonjwa asijue. Tulikimbia hospitali. Walitupima damu, tukaketi kwenye benchi tukingoja jibu hata adhuhuri. Ini lilikuwa salama. Muuguzi hakutugombeza, alichukua karatasi, akaandika saa tatu za kumeza dawa, na mbele ya kila saa akaacha nafasi ya kutia alama.