Kuhamisha rekodi za DVR kwenda kompyuta mpakato

Kuhamisha rekodi za DVR kwenda kompyuta mpakato ni kazi ya kunakili picha za video zilizomo ndani ya kinasa video cha dijitali na kuziweka katika kompyuta, ili zitazamwe, zitunzwe au zitumike kama ushahidi. Kinasa hicho hujulikana zaidi kwa kifupi chake, DVR. Nchini Tanzania jina hilo hutajwa hasa kwa kisanduku kinachopokea picha za kamera za ulinzi, yaani CCTV, katika maduka, vituo vya mafuta, maghala, nyumba za wageni, shule na makazi. Katika jiji la Mwanza na miji mingine ya kando ya Ziwa Viktoria kisanduku hicho kwa kawaida hukaa chini ya kaunta au juu ya kabati la ofisi, na mara nyingi hakuna anayekigusa mpaka siku kitu kinapoibwa.

Siku hiyo ndipo ugumu unapojitokeza. Picha zipo, lakini hazikai milele, na mwenye mali huwa na siku chache tu za kuzitoa.

== Jinsi DVR inavyotunza picha ==
DVR ya kawaida hupokea mawimbi ya picha kutoka kwenye kamera kwa kebo nene yenye waya mmoja katikati. Huyageuza kuwa data, huibana kwa mbinu ya H.264 au H.265, kisha huiandika kwenye diski kuu iliyo ndani yake. Kisanduku kinachofanana nayo, NVR, hupokea picha zilizokwisha kugeuzwa na kamera yenyewe na kuletwa kwa kebo ya mtandao. Kwa anayehamisha rekodi, tofauti ya viwili hivyo ni ndogo.

Diski ikijaa, DVR haisimami. Hufuta rekodi ya zamani kuliko zote na kuandika mpya juu yake. Muda wa kubaki kwa picha unaweza kupigiwa hesabu. Kamera inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hutoa megabiti 172,800 kwa siku ya sekunde 86,400. Ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 21,600, yaani gigabaiti 21.6. Kamera nne hutumia gigabaiti 86.4 kwa siku, hivyo diski ya terabaiti 1 hujaa katika siku 11 na nusu hivi. Kamera zikiwa nane, picha hudumu chini ya siku sita. Mtu aliyeibiwa Jumatatu, akasubiri hadi Jumatatu ya wiki inayofuata ndipo amwite fundi, anaweza kukuta tukio limekwisha kufutwa na picha za watu wanaonunua sukari.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ni kuzuia kufutwa. DVR nyingi zina sehemu ya kufunga kipande cha rekodi kisiandikwe juu yake. Isipokuwepo, ni afadhali kusimamisha kurekodi au kuzima kisanduku kupitia menyu yake hadi kazi ya kunakili itakapoanza. Kuchomoa waya wa umeme ghafla si njia nzuri, kwa kuwa diski inaweza kuwa katikati ya kuandika.

== Saa na tarehe ==
Makosa mengi ya kutafuta rekodi hayatokani na mashine bali na saa. DVR huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, wakati msemaji wa Kiswahili huhesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Shahidi akisema mlango ulivunjwa saa nane usiku, katika DVR hiyo ni 02:00. Saa tatu usiku ni 21:00. Saa kumi na moja alfajiri ni 05:00.

Tarehe nayo hutatiza. Mlinzi anayesema "Jumatatu usiku, saa nane" huwa anazungumzia zamu yake iliyoanza Jumatatu jioni. Kwa DVR tarehe hubadilika saa sita usiku, kwa hiyo tukio hilo limo katika rekodi za Jumanne. Msemo "usiku wa kuamkia Jumanne" unaeleza jambo hilo vizuri zaidi, na anayeandika maelezo ya tukio angefaa kuutumia.

Kisha kuna saa ya mashine yenyewe. Ndani ya DVR kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032, inayoendesha saa umeme unapokatika. Betri ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na rekodi huandikwa kwa tarehe isiyo ya kweli. Kabla ya kutafuta chochote, linganisha saa ya kioo cha DVR na saa ya simu iliyo kwenye mtandao, kisha andika tofauti kwenye karatasi. Ikiwa simu inaonyesha 14:47 na DVR 14:10, mashine iko nyuma kwa dakika 37. Tukio la 02:00 litatafutwa kwenye 01:23. Saa isirekebishwe kabla ya kunakili, kwani kufanya hivyo huvuruga mpangilio wa rekodi na kuondoa uthibitisho wa tofauti iliyokuwepo.

== Kunakili kwa flashi ==
Njia ya kawaida ni flashi au diski ya nje inayochomekwa kwenye tundu la USB la DVR. Menyu za mashine hizi karibu zote ni za Kiingereza. Neno la kutafuta ni Backup au Export. Mtumiaji huchagua namba ya kamera, tarehe, saa ya kuanza na ya kuishia, kisha huamuru kunakili. Inafaa kuchukua dakika kumi au zaidi kabla na baada ya tukio, maana mwizi huonekana vizuri zaidi akija au akiondoka kuliko akiwa kazini.

Baadhi ya DVR hazitambui flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa NTFS na hutaka FAT32 au exFAT. FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4, ndiyo maana rekodi ndefu hutoka ikiwa imekatwa vipande vipande. Vipande vyote vichukuliwe na majina yake yasibadilishwe, kwa kuwa jina ndilo hubeba namba ya kamera na saa. Baada ya hapo flashi huchomekwa kwenye kompyuta mpakato na mafaili kunakiliwa. Hakikisha yanafunguka kabla ya kuondoka pale penye DVR. Fundi aliyevuka ziwa kwenda Ukerewe kwa kazi hiyo hatapenda kurudi tena kwa sababu ya faili bovu.

== Kunakili kwa kebo ya mtandao ==
Rekodi zikiwa nyingi, kebo ya mtandao hufaa zaidi. Kompyuta na DVR huunganishwa kwenye ruta moja, au moja kwa moja kwa kebo. Intaneti haihitajiki na bando halitumiki, jambo ambalo wengi hawalijui. Vifaa viwili hivyo lazima viwe na anwani za mtandao za familia moja: kama DVR ina 192.168.1.108, kompyuta inaweza kupewa 192.168.1.50 pamoja na kinyago cha 255.255.255.0.

Anwani ya DVR huandikwa kwenye kivinjari, kisha jina la mtumiaji na nywila. Mashine za zamani zilitegemea kivinjari cha Internet Explorer, ambacho Microsoft ilikiondoa katika huduma tarehe 15 Juni 2022. Kwa mashine hizo hutumika hali maalumu ya kivinjari cha Edge, au programu ya mtengenezaji kama iVMS-4200 ya Hikvision na SmartPSS ya Dahua. Kwa kebo ya megabiti 100 kwa sekunde, gigabaiti 21.6 zitachukua karibu dakika 29 katika hali bora kabisa; kwa kawaida ni zaidi.

Kebo ya HDMI haiwezi kufanya kazi hii. Tundu la HDMI la kompyuta mpakato za kawaida hutoa picha tu, halipokei.

== Kutoa diski kuu ==
DVR ikiwa imeungua, diski inaweza kufunguliwa na kuunganishwa na kompyuta kwa adapta ya SATA. Hapa ndipo rekodi nyingi hupotea. Watengenezaji wengi hutumia mpangilio wao wa kuandika diski, ambao Windows haiuelewi. Kompyuta huuliza kama mtumiaji anataka kuifomati diski hiyo. Jibu ni hapana. Njia salama zaidi ni kuiweka diski katika DVR nyingine ya aina hiyohiyo, baada ya kuhakikisha kwamba DVR hiyo haitaifomati yenyewe, au kumpelekea mtaalamu wa kuokoa data.

== Mafaili yasiyofunguka ==
Faili lenye mwisho wa .dav hutoka kwenye mashine za Dahua na ndugu zake. Hata lile lenye mwisho wa .mp4 linaweza kukataa kufunguka kwa kichezaji cha kawaida. Programu huru ya VLC hufungua mengi kati ya hayo. Yaliyobaki huhitaji kichezaji cha mtengenezaji, ambacho mara nyingine DVR hukiweka yenyewe ndani ya flashi. Faili likigeuzwa kuwa la aina nyingine ili litumwe kwa simu, lile la asili libaki bila kuguswa.

== Mazingira ya ziwa ==
Kando ya Ziwa Viktoria wadudu wadogo wa ziwani huruka kwa makundi yanayofanana na moshi. Usiku hufuata mwanga wa kamera, na buibui hutega nyavu zao mbele ya kioo. DVR iliyopangwa kurekodi pale tu panapokuwa na mwendo huwahesabu wadudu hao kuwa mwendo, hivyo hurekodi usiku kucha na diski hujaa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Kitambaa kikavu na ufagio hufanya kazi kubwa hapa kuliko kununua diski mpya.

== Rekodi mbele ya sheria ==
Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema katika kifungu cha 18 kwamba ushahidi hautakataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Katika kuupima, mahakama huangalia uaminifu wa njia iliyotumika kuutengeneza na kuutunza, na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Kwa hiyo video iliyopigwa na simu kutoka kwenye kioo cha DVR, ingawa husambaa haraka kwenye makundi ya WhatsApp, ni dhaifu kuliko faili lenyewe. Anayenakili aandike jina lake, tarehe, saa, aina na namba ya DVR, na tofauti ya saa. Kwenye Windows amri ya certutil -hashfile ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256 hutoa mfululizo wa herufi na tarakimu utakaobadilika faili likiguswa hata kidogo, nao uandikwe.

Picha za watu pia ni taarifa zao binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kumpelekea polisi rekodi ya tukio ni jambo moja; kurusha mtandaoni sura ya mtu anayeshukiwa tu, au ya mteja aliyepita njia, ni jambo jingine, na linaweza kumgeuza aliyeibiwa kuwa mlalamikiwa. Katika mitaa ambako mwizi hupigwa kabla ya kuulizwa jina, picha isiyo wazi inaweza kumuua asiyehusika.

== Ving'amuzi vinavyorekodi ==
Jina DVR hutumika pia kwa king'amuzi chenye diski ya kurekodi vipindi, kama DStv Explora. Rekodi zake hufungwa kwa usimbaji unaotegemea king'amuzi chenyewe, kwa hiyo hazichezi zikihamishiwa kwenye kompyuta. Ving'amuzi vya bei nafuu vinavyorekodi kwenye flashi mara nyingi hutoa faili la .ts, na baadhi yake hufunguka kwa VLC. Vipindi hivyo vinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hivyo kuvinakili kwa ajili ya kuviuza au kuvionyesha kwa kiingilio kunahitaji idhini ya mwenye haki.